Barua kwa mwanangu: wiki moja hadi Ziwa Turkana

Mwanangu Mwikali,

Ratiba yako nimeisoma mara mbili. Ina kasoro moja kubwa, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu: umehesabu kilomita. Kaskazini watu huhesabu saa za mwanga. Umeona Isiolo hadi Marsabit ni kama kilomita 260 na huchukua saa tatu, ukadhani Marsabit hadi Loiyangalani nayo, kwa kuwa inakaribia umbali huo huo, ni safari ya siku moja. Ile ya kwanza ni lami tupu. Ukishaiacha lami, kilomita 30 kwa saa ni mwendo mzuri, na penye mawe utashuka hadi 15. Jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu. Ikifika saa kumi alasiri, muwe mmeshafika au mmeshajua mtalala wapi.

Basi mimi ningepanga hivi. Siku ya kwanza mlale Archers Post, ya pili Marsabit, ya tatu Kalacha, ya nne Loiyangalani, ya tano mbaki papo hapo, ya sita mwende Maralal, ya saba mrudi kupitia Rumuruti na Nyahururu. Najua siku ya tano utataka kuifuta ili mfike hifadhi ya Sibiloi. Tafadhali usiifute. Hiyo ni akiba. Gari likikwama jangwa la Chalbi, au tairi mbili zikipasuka siku moja, hiyo ndiyo siku itakayolipa deni.

Julai umechagua vizuri. Masika yamepita na vuli bado. Lakini mvua ikinyesha Marsabit usiku, usitoke asubuhi yake kwenda Chalbi. Jangwa lile ni sakafu ya ziwa la kale: juu kuna ganda la chumvi, gumu na jeupe, chini yake kuna tope. Gari la tani mbili na nusu hulivunja ganda na kukaa kwa tumbo, na hakuna mti wa kufungia kamba. Kabla ya kuingia, shuka, kanyaga kwa kisigino kwa nguvu, kisha uangalie alama. Ikiwa ni kavu na yenye vumbi, nenda. Ikiwa ni nyeusi, ina unyevu unaong'aa, rudi kwenye njia ya pembeni hata kama inazunguka. Na siku zote fuata alama za magari yaliyotangulia. Ule uwanda unaovutia upande wa kulia, ulio laini kama sakafu ya msikiti, haukukosa alama bure.

Mafuta. Kutoka Marsabit hadi Maralal kwa njia hiyo ni kama kilomita 500. Land Cruiser yenu kwenye mchanga na gia ndogo itakunywa lita 18 kwa kilomita 100, yaani lita 90. Ongeza theluthi, unapata 120. Tangi ni lita 90, kwa hiyo bebeni mitungi miwili ya chuma ya lita 20. Dizeli hupatikana North Horr na Loiyangalani, lakini mara nyingi ni ya pipa, bei juu, na huenda ina maji au mchanga. Mkilazimika kuinunua, mimina kwanza kwenye chupa safi uiache dakika kumi. Maji hukaa chini. Kisha ichujwe kwa kitambaa inapoingia, na filta ya dizeli ya akiba isikose garini.

Maji: watu wanne, lita tano za kunywa kila mmoja kwa siku, siku tatu, ni 60. Weka 20 za kupikia na kunawa, 20 za rejeta na dharura. Jumla lita 100, katika mitungi mitano ya lita 20, si pipa moja, maana pipa likitoboka yote yamekwenda. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi, hayafai kunywa wala kutiwa kwenye rejeta. Mamba pia wapo, kwa hiyo msioge palipo wazi kwa sababu tu pametulia. Mkikuta kisima cha wafugaji njiani, kina wenyewe na kina zamu. Salimu, uliza, subiri. Mifugo iliyotembea siku nzima haipishwi na gari.

Sasa tairi, na hapa nisome polepole. Kwenye lami mkiwa na mzigo, upepo uwe psi 40. Kwenye mchanga mlegevu shusha hadi 18 au 20, tairi ijilaze na kupata mguu mpana. Kosa hufanyika baadaye: watu hutoka mchangani wakaingia kwenye mawe meusi ya volkano kuelekea Loiyangalani bila kurudisha upepo. Tairi laini hutoa ubavu nje, na ubavu ndio sehemu nyembamba. Jiwe likiukata, zile kamba za kuziba pancha hazisaidii. Kwa hiyo kabla ya mawe simama, jaza hadi 28, kisha uende taratibu, ukipitisha tairi juu ya jiwe badala ya kulikwepa nusu. Bebeni spea mbili, si moja, na tyubu mbili za saizi yenu pamoja na viraka vizito vya ndani; ubavu uliopasuka kidogo, ukiwekwa kiraka na tyubu, utawafikisha mjini. Pampu iwe ya kufungwa kwenye betri. Ile ya kuchomeka kwenye tundu la sigara huunguza fyuzi.

Barabara iliyojikunja kama bati hulegeza kila kitu. Kila jioni, kabla ya chai, zunguka gari na spana: nati za magurudumu, vishikizo vya betri, keria. Mitungi ya mafuta isikae juu ya keria. Uzito ule juu hupindua gari kwenye makorongo. Injini ikipanda joto upepo ukiwa unavuma kutoka nyuma, geuza gari lielekee upepo, liache lingurume dakika chache. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka ipoe.

Loiyangalani upepo huporomoka kutoka Mlima Kulal usiku, na si upepo wa mchezo. Hema lifungwe kwenye mawe, si vigingi, nyuma ya ukuta. Fungua mlango mmoja wa gari kwa wakati, ukiushikilia, la sivyo utang'oka bawaba. Hapo utaelewa kwa nini mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimamishwa jirani. Pia kuna barabara ya changarawe ya kilomita 208 iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi huo, inayofika Laisamis kwenye lami. Iweke kichwani kama mlango wa dharura. Kati ya South Horr, Baragoi na Maralal wizi wa mifugo huzuka bila taarifa. Piteni kituo cha polisi Loiyangalani, mwulize pia madereva wa malori waliotoka upande huo siku hiyo. Wakisema ngojeni, ngojeni, au mrudi kwa Laisamis. Msibishane nao.

Laga kavu, yaani mto wa msimu usio na maji, msipige kambi ndani yake, hata mchanga ukiwa mzuri namna gani. Mvua ya milimani hushuka bila wingu juu yenu. Ikiwa na maji, mmoja avuke kwa miguu kwanza. Yakipita goti, kaeni ng'ambo hii, kwa kawaida hupungua baada ya saa chache.

Simu hushika mijini tu. Kila jioni mkifika nipigie. Nisipokusikia hadi saa sita mchana wa kesho yake, nitapiga kituo cha polisi cha mji mliokusudia kufika, kwa hiyo msibadilishe njia bila kuniarifu.

Jumamosi lete gari hapa likiwa na mzigo wote, maji na mafuta ndani. Tutalisimamisha penye mchanga nyuma ya zizi, uchukue jeki ile ile utakayobeba na kipande cha ubao cha kuiweka juu yake, ubadilishe tairi mwenyewe mimi nikitazama saa.

Baba yako