Malalamiko kuhusu faida ya asilimia 16.1 tusiyoiona

Kwa Meneja wa Tawi,
Mombasa.

Bwana Meneja,

Salamu nakupa kwa adabu niliyolelewa nayo. Mimi ni mwekahazina wa chama cha akina mama kumi na mmoja wauza nazi Kongowea. Zile shilingi 400,000 mlizopokea Januari 2024 kwenye mfuko wenu wa uwekezaji si zangu peke yangu.

Jumatatu nilikaa foleni yenu tangu saa tatu hadi saa sita kasorobo. Nilipofika dirishani nikamwonyesha kijana wenu kipeperushi chenu, asilimia 16.1 kwa mwaka kwa wino mwekundu, na taarifa ya akaunti ya mwaka mzima: faida 41,300. Nikamuuliza, iko wapi 64,400, yaani asilimia 16.1 ya zile 400,000? Karatasi hakuitazama. "Bi mkubwa, hesabu hizi haziwezi kukuingia. Wewe angalia salio linapanda, basi." Akamgeukia mwenziwe, wakacheka.

Basi zimeniingia. Kodi ya zuio, asilimia 15 ya faida iliyobaki baada ya ada yenu, ni kama 7,300. Hiyo ya serikali, sina neno nayo. Ada yenu je? "Asilimia mbili tu," alisema. Mbili ya nini? Mwakata kwenye pesa yote iliyomo, si kwenye faida, na imefika kama 8,400. Faida kabla ya makato ilikuwa kama 57,000. Yaani katika kila shilingi saba pesa yetu ilizochuma, moja na ushee mmechukua nyinyi. Hata dalali wa nazi tunayemlaani kila asubuhi hutaja fungu lake kabla ya gunia kufunguliwa.

Na bado pengo la 7,400 kati ya hizo 57,000 na 64,400 ya kipeperushi. Septemba nilipouliza mbona pesa inajikokota, nikaambiwa nisubiri mwaka uishe. Alhamisi hii binti mmoja kwenye simu, Mungu ambariki, ndiye aliyesema kweli: 16.1 ilikuwa kiwango cha siku moja, mkakigeuza cha mwaka, kabla ya ada, kabla ya kodi. Siku moja! Mvuvi aliyepata nguru mmoja Jumapili hatangazi kwamba anavua nguru 365 kwa mwaka.

Na yule kijana sijamaliza naye. Katibu wetu alikuwa ubavuni mwangu, foleni nyuma yetu imejaa hadi mlangoni. Nilipoweka daftari la chama mbele yake, alilisukuma kwa ncha ya kalamu kama kitu kilichooza, likaanguka sakafuni. Nikainama kuliokota huku wanacheka. "Haziwezi kukuingia." Nina miaka 58, daftari hilo nimelishika miaka kumi na tisa na haijapotea hata thumni.

Nilikaa kuandika nikitaka maelezo tu: kila kilichokatwa, mwezi kwa mwezi, kwa maandishi. Sasa nataka pia kijana huyo aje Kongowea aombe radhi mbele ya wanachama, na ile 8,400 irudi. Mna siku saba. Baada ya hapo tunatoa pesa yote, na barua hii pamoja na kipeperushi zinakwenda kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Nairobi. Fomu ya kutoa pesa nimeshaijaza, imebaki tarehe.

Nakala ya kipeperushi chenu tayari imebandikwa penye meza zetu sokoni, na hesabu nimeziandika pembeni kwa wino mwekundu kama wenu.

Mwekahazina,
kwa niaba ya wanachama kumi na mmoja