Nani aliwaambia vitani watu hawasomi?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote ya ualimu wangu sikuwahi kuandikia gazeti. Taarifa yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu wakongwe wa Vita vya Kagera imenishinda kuvumilia. Mwandishi wenu amehitimisha kwamba vitabu ni starehe ya wakati wa amani. Alimuuliza nani?

Kaka yangu aliondoka kijijini kwetu Mufindi mwishoni mwa 1978 akiwa mgambo. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa mwanga wa chemli. Barua yake ya kwanza haikuomba fedha wala sweta, iliomba kitu cha kusoma. Kazi kubwa ya askari, aliniambia baadaye, ni kungoja. Mwalimu wangu akatoa vitabu viwili, mama akavishonea ndani ya kitambaa cha amerikani, tukavituma. Sisi huku gazeti la Uhuru lilitufikia likiwa na siku nne. Nilikuwa darasa la sita, nikilisoma kwa sauti nje ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi, na kina mama wenye waume na wana mstari wa mbele wakinirudisha kwenye sentensi waliyotaka kuisikia tena. Hakuna aliyekuwa akistarehe pale.

Tena si sisi tu. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Heshima. Marekani, kuanzia 1943 hadi 1947, iliwachapishia askari wake nakala zaidi ya milioni 120, bure, vitabu vyembamba vya kuingia mfuko wa kombati.

Vile vitabu viwili vilirudi na kaka 1979 bila majalada, jina lake limeandikwa kwa penseli kila baada ya kurasa chache. Alipofariki nilipeleka sanduku lake lote la bati kwenye maktaba moja ya umma. Walipiga makofi, wakapiga na picha. Mwaka huu nikaenda na mjukuu wake avione. Nikaambiwa niwe mwanachama, nikalipa. Nikaambiwa nilete picha mbili za pasipoti na barua ya mtendaji wa kata, nikaleta, siku mbili na nauli juu yake. Kisha nikaambiwa vitabu vile ni vichakavu, viko stoo, na mwenye ufunguo yuko semina. Nilirudi mara tatu, Mhariri. Mara ya tatu stoo ilikuwa wazi kwa sababu walikuwa wanatoa viti vya sherehe, nikaliona sanduku la kaka yangu limebebeshwa makopo ya rangi, moja limevuja hadi kwenye kitasa. Nililia mbele ya mtoto.

Na hili la karatasi nalo nilisemee. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kimo wilayani kwetu tangu 1985. Miti inakatwa hapa, malori yanapasua barabara zetu, na shuleni nilikofundisha watoto wanne walikuwa wakigombea kitabu kimoja cha kiada.

Nachotaka ni hiki. Vichapwe vitabu vya Kiswahili vya kimo cha kiganja, visizidi kurasa tisini, vishonwe kwa uzi maana gundi huachia mvuani. Kila kijana wetu anayepelekwa kulinda amani Kongo apewe vitano, na mama yake apewe vitano vilevile, wasome pamoja wakiwa mbali. Na ile stoo ifunguliwe. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni na mjukuu.

Mwalimu mstaafu,
Mafinga