Sanamu katikati, nyasi pembeni? Subiri kwanza

Simu nyingi tunazopokea sisi watengeneza bustani zinafanana, mtaa una kaeneo ka wazi, kamati imekubali pawe bustani ya kutembea kwa miguu, wanataka nyasi, zile palmu ndefu za hotelini na sanamu katikati. Bei tutakupa, ila kwanza tunakuja saa nane mchana tunakaa tu, tuone watu wanapita wapi na wanakimbilia kivuli gani, maana njia ya mkato huwezi kuifunga na ua jamani, wataruka.

Halafu hiyo katikati. Yule Askari wa sanamu pale Posta, Dar, yupo tangu 1927, kazi nzuri kweli, lakini yuko kwenye kipilefti, kumsogelea mpaka ukwepe magari. Sisi sanaa tunaiweka mtu anapokaa, benchi lenyewe lichongwe, ukuta upigwe michoro ya Tingatinga. Chuma tupu hapana, hewa ya chumvi ya Dar inakitafuna, bora zege lenye vipande vya vigae.

Kwenye miti ndo kuna ubishi. Mteja anasema nataka ya asili, nipe mwarobaini! Bwana, mwarobaini asili yake Bara Hindi, mjohoro Asia, mkungu hivyo hivyo, tumezizoea tu. Kivuli chukua mkwaju. Badala ya palmu weka mkindu, huu huu wa mikeka, watoto wa mjini mkeka wanaulalia ila mti wenyewe hawaujui, unapenda sehemu maji ya mvua yanapotuama, ila una miiba kwahiyo usiubananishe na njia. Na mpingo mmoja karibu na kinyago cha Kimakonde, unakua taratibu mno lakini mtu aone kinyago na mti wake pamoja.

Kingine, usilete greda kabla hatujafika. Kule New York kuna reli ya juu, High Line, treni ya mwisho ilipita 1980, majani yakajiotea yenyewe, na ilipofunguliwa kuwa bustani 2009 mpangaji wa mimea Piet Oudolf alikuwa ameiga ule ule mwonekano wa majani yaliyojiotea. Na kwako pengine kuna kitu kimeshaota cha kubakiza.

Miche tunapanda masika yakianza, ukitupigia Januari tutakwambia vumilia kidogo. Na utuambie mapema nani atamwagilia kiangazi mbili za mwanzo, usiseme mlinzi, mlinzi kila tukimuuliza anasema hana ndoo.