Barua kwa mwanangu anayekwenda Kampala

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikavaa miwani nikausoma tena, maana mara ya kwanza nilielewa kwamba unakwenda Dar es Salaam. Kumbe unakwenda Kampala, kwenye mafunzo ya wiki tatu, kwa kupitia Dar es Salaam. Hebu chukua ramani. Wewe uko Sengerema, kusini mwa Ziwa Victoria. Kampala iko kaskazini mwa ziwa hilohilo. Dar es Salaam iko baharini, upande mwingine kabisa wa nchi. Aliyekutajia bei ya tiketi haoni ajabu, kwa sababu ndege nyingi zinazoruka kutoka Mwanza zinaelekea huko, na huko ndiko unakopata nyingine ya Entebbe. Kwake ni njia ya kawaida. Kwangu mimi ni kuipa Kampala mgongo kwanza, na kulipia.

Sikukatazi ndege. Ungekuwa unakwenda Addis Ababa au Johannesburg nisingepoteza karatasi hii. Lakini umesema ofisi itakupa fedha taslimu za safari na kitakachobaki ni chako, na nimeona jinsi ulivyopiga hesabu: ndege kiasi hiki, basi kiasi hiki, toa hiki kwenye kile, nusu ya bei ya pikipiki unayoitaka imepatikana. Hesabu hiyo ni fupi mno. Halafu kabla ya yote, muulize mhasibu wenu, tena kwa maandishi, kama kweli mtu aliyepewa fedha za ndege anaruhusiwa kwenda na basi bila kudaiwa stakabadhi. Wakisema watakukatia tiketi wenyewe, ipokee ushukuru, uje ulale kwangu usiku wa kuamkia safari, na mengine yote humu uyahifadhi kwa siku nyingine.

Wakikupa fedha mkononi, sikiliza.

Miaka yote niliyofuata vitenge Kampala nilianza kupanga na fedha ya kurudi. Kabla sijagusa ya kwenda, natenga nauli ya kurudi hadi mlangoni, chakula cha njiani, na kitanda cha usiku mmoja nikikwama. Hiyo naiacha kwa shilingi za Tanzania, mbali na pochi ninayoifungua sokoni. Nilijifunza hilo kwa kuwatazama wenzangu. Pale Kikuubo, soko la jumla la Kampala, nimewaona watu wazima, wafanyabiashara wenye majina, wakiuza kwa hasara mzigo walionunua jana yake ili wapate nauli ya kufika mpakani Mutukula. Mtu akishafika mjini, kila kitu anakiona rahisi kuliko kwao, na fedha ya kurudi ndiyo ya kwanza kuitwa akiba. Wewe utakaa wiki tatu, na wiki ya tatu ndiyo mbaya. Kwa hiyo hata kabla hujaamua ndege au basi, chukua bei ya kurudi uiweke kando, halafu uone umebakiwa na nini cha kubishania.

Sasa tuipime ndege, lakini tuanzie mlangoni kwako, tusianzie uwanjani. Kutoka Sengerema unavuka Kigongo–Busisi. Hilo namshukuru Mungu, maana tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kupanga foleni ya kivuko huku saa zinakwenda. Ni kama kilomita tatu za daraja na unazimaliza kabla hujamaliza kusoma ujumbe. Lakini ukishaingia mjini bado hujafika: uwanja wa ndege uko Ilemela, upande wa pili wa jiji, na mwenye begi kubwa hapandi daladala mbili, anakodi. Ukifika Dar es Salaam, uliza jambo moja ambalo vijana mnalipita: je, Mwanza hadi Entebbe ni tiketi moja, au ni mbili ulizokata mbalimbali kwa sababu kwenye simu zilionekana nafuu? Zikiwa mbili, utachukua begi lako, utapanga foleni upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka na fedha yako. Wa kwanza atasema alikufikisha, wa pili atasema hukutokea. Tiketi moja inaweza kuwa ghali zaidi, lakini ukichelewa kuunganisha, shida inakuwa yao.

Angalia pia tarehe. Tiketi za bei ya chini mara nyingi hazibadiliki, au zinabadilika kwa kulipia tofauti pamoja na faini. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba tarehe ya mafunzo "inaweza kusogea." Basi usinunue tiketi isiyosogea kwa tarehe inayosogea. Mzigo nao: hapa kwetu kilo 23 za chini na kilo 7 za mkononi ndio utaratibu uliozoeleka, na kinachozidi kinalipiwa kwa kilo. Halafu Entebbe si Kampala. Kuna kama kilomita 40 hapo katikati, na gari ya kukodi kutoka uwanjani, hasa usiku, inaweza kukumegea fungu ulilodhani ni la chakula cha siku kadhaa.

Basi, je? Basi la Bukoba kutoka Mwanza linapita kwako. Wakati mwenye ndege anakuja Mwanza kulala, wewe umeshapita Geita. Utashika Biharamulo, Muleba, Bukoba, kisha Kyaka na mpaka wa Mutukula. Kwa upande wetu nauli ina kikomo. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, kwa viwango vilivyoanza Desemba 2023, iliweka shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Chukua kilomita 450 za kukadiria kutoka Sengerema hadi mpakani: ni kama 22,000 kwa la kawaida, na kama 31,000 kwa la kati. Kabla ya kulipa, ulizia kiwango kinachotumika sasa, na udai tiketi ya mashine. Lipa daraja la kati, mwanangu. Tofauti ya shilingi elfu tisa kwa safari ya mchana kutwa usiifanyie ubahili, utailipa kwa magoti.

Ng'ambo ya pili mambo ni mengine. Uganda nauli inapanda na kushuka kwa msimu, na karibu na Krismasi inaruka. Kutoka Mutukula unapita Masaka, unavuka ikweta pale Kayabwe, unaingia Kampala. Jumla ni kama kilomita 220. Uzuri wake, basi linakushusha ndani ya mji.

Wapo watakaokwambia uunganishe moja kwa moja usiku na mchana. Ni kweli tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, na mtu wa umri wako anaweza. Mimi nasema vunja safari Bukoba. Kitanda cha nyumba ya wageni safi, chakula cha jioni, asubuhi unamaliza kilomita 80 zilizobaki hadi mpakani ukiwa na akili zako zote. Mpakani ndipo panapohitaji akili kuliko kwingine kote. Gharama ya hicho kitanda iandike tangu sasa, usiseme utaona mbele ya safari. Na uondoke mapema kiasi cha kubakiwa na siku nzima Kampala kabla ya mafunzo. Ukiweka kitanda, milo ya siku mbili na ile siku ya ziada, utaona basi si rahisi kama ulivyoandika. Bado ni nafuu, lakini ile nusu ya pikipiki imekuwa matairi mawili.

Umeuliza meli. Kutoka Mwanza hadi Bukoba MV Victoria husafiri usiku, na kwa mwenye mzigo ni raha: unalala, mzigo umelala, nauli na kitanda vimekuwa kitu kimoja. Kwako haina maana, kwa sababu itakubidi urudi Mwanza kwanza. Na nikwambie ukweli, watu wa rika langu tuliozika baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, tarehe 21 Mei 1996, tunapanda meli kwa kusali. Hilo si la bajeti, nimeliandika tu.

Karatasi zako sasa. Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa, lakini sisi hatumo katika mpango huo, kwa hiyo usinidanganye na NIDA yako. Beba pasipoti. Ni 150,000, na najua imekuuma, umeiandika kama gharama ya safari hii. Ifute hapo. Pasipoti inakaa miaka 10. Hiyo ni gharama ya kuwa msafiri, safari hii isibebeshwe mzigo wa nyingine zote. Chanjo ya homa ya manjano vilevile: tangu 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote, ila lazima uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Uganda wanakidai, na ukirudi nyumbani ukitokea huko, wa kwetu nao wanakidai. Kwa hiyo fedha ya vitu hivyo viwili unaihitaji mwezi huu, kabla hujapewa chochote na ofisi. Ukipungukiwa niambie mapema, si usiku wa kuamkia.

Mutukula kuna kituo cha pamoja. Ukienda, unagongewa kutoka na kuingia katika jengo moja upande wa Uganda. Ukirudi, upande wetu. Mtanzania halipi viza. Wapo vishoka watakaokukimbilia kabla hujashuka kwenye gari, kila mmoja atajifanya ndiye afisa. Mwambie asante, ingia ndani, panga foleni, mpe pasipoti mtu aliyeko dirishani. Ukidaiwa fedha yoyote, omba stakabadhi. Mara nyingi dai linaishia hapo. Chukua namba ya kondakta, na begi dogo lenye fedha na vyeti shuka nalo.

Fedha badilisha kidogo tu pale, ya kukufikisha Kampala na kula. Angalia kwanza bei ya siku hiyo kwenye simu. Fedha yao uipokee, uihesabu, ndipo utoe ya kwako. Shilingi ya Kenya mtu haisahau kwa sababu moja yao ni nyingi kwetu. Ya Uganda ndiyo inayochezea watu, kwa kuwa tarakimu zake hazipishani sana na zetu. Unaona elfu kumi unadhani ni elfu kumi ya sokoni kwetu Makoroboi, na kumbe ni pungufu. Kwa siku mbili za kwanza geuza kila bei kichwani. Boda boda patana kabla hujakaa.

Basi, uamuzi wangu. Kwenda, nenda na basi, kwa siku mbili, ulale Bukoba. Kurudi, kama ile fedha uliyotenga bado iko nzima na umechoka, sina ugomvi na ndege: hakuna anayekusubiri saa mbili asubuhi, na hata ukilala Dar es Salaam, shangazi yako yuko Tabata. Najua wengi watakushauri kinyume, kwamba upae kwenda ili uwahi na urudi kwa basi polepole. Mimi naogopa zaidi ndege mbili kufuatana wakati kuna darasa linalokungoja kuliko basi nililoliwekea siku ya akiba. Ila ukiumwa, hata mafua mazito, siku ya kuondoka, panda ndege na usinihesabie chochote.

Na vitenge usininunulie. Najua utataka kunifurahisha, lakini mzigo wa biashara una ushuru wake na maswali yake, na wewe hujui kuujibia. Nikivihitaji nitakwenda mwenyewe mgongo ukitulia. Kahawa ya kutafuna nitapata Bukoba bila kuvuka mpaka, na ukipita pale kurudi, hiyo leta.

Niandikie mhasibu amejibu nini, na mafunzo yanaanza siku gani ya wiki. Jumamosi napita stendi ya mabasi ya Nyegezi kumsindikiza mama mkubwa wako. Nitaulizia basi lipi la daraja la kati linapakia abiria Sengerema na saa ngapi linapita hapo kwenu.

Mama yako,
Mwanza