Risala ya wanafunzi wa darasa la gitaa kwa mgeni rasmi

Ndugu mgeni rasmi,
Mwalimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi. Sisi ni wanafunzi 14 tunaohitimu leo.

Mgeni rasmi, darasa letu lina kitabu kimoja tu, nacho kimeshonwa upya mara mbili. Ni kitabu cha gitaa la jazi kilichotungwa na Mickey Baker wa Marekani, kikatoka mwaka 1955. Kila mmoja wetu amepitisha vidole vyake humo, kwa hiyo tumeona si haki kusoma shida zetu kabla ya kumtaja yeye.

Baker alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 15 Oktoba 1925. Alilelewa katika kituo cha yatima, akawa anatoroka na kurudishwa, mpaka alipofika New York akiwa na miaka 16. Alitamani tarumbeta. Akaenda duka la rehani na dola 14 mfukoni, akatoka na gitaa, maana ndilo alilolimudu. Mwalimu alipotusimulia hayo darasa zima lilinyamaza. Nasi tulianza na kilichopatikana.

Moyo wake ulikuwa kwenye jazi, ila jazi haikumlisha. Akiwa California alimwona mpiga gitaa Pee Wee Crayton akicharaza bluzi na watu wakilipa kumsikiliza, naye akageukia huko. Aliporudi New York, kampuni za santuri za Atlantic, Savoy na King zikawa zinamwita studio kila mara. Solo zake fupi, kali, zimo katika santuri za waimbaji Ruth Brown na Big Joe Turner. Hapa ndipo panapotuuma, mgeni rasmi. Santuri iliuzwa kwa jina la mwimbaji. Mpiga gitaa alipewa ujira wa siku, akafunga gitaa lake, akaenda kurekodi kwingine. Watu walicheza usiku kucha kwa solo yake wasimjue.

Jina lake lilikuja kuvuma alipoimba na Sylvia Vanderpool, ambaye alikuwa mwanafunzi wake wa gitaa. Wimbo wao “Love Is Strange” ulitoka mwaka 1956, na mwaka uliofuata ukashika namba moja katika chati ya Marekani ya muziki wa R&B (rhythm and blues). Sylvia huyo huyo, baadaye akiitwa Sylvia Robinson, alianzisha na mumewe kampuni ya santuri ya Sugar Hill iliyotoa wimbo wa rap “Rapper’s Delight” mwaka 1979. Vijana wa rap mliokaa nyuma, nanyi mna undugu na kitabu chetu.

Miaka ya 1960 Baker alihamia Ufaransa. Alifariki huko, karibu na Toulouse, Novemba 2012, akiwa na miaka 87.

Mgeni rasmi, magitaa yetu ni matano. Uzi namba moja hukatika kila wiki, na mwenye kuukata husubiri hadi mwenzake amalize zamu. Tunafanyia mazoezi barazani, mvua ikinyesha tunatawanyika. Tunaomba utusaidie magitaa, nyuzi za akiba, chumba chenye paa, na nakala nyingine za kitabu hicho ili watakaoanza mwezi ujao wasigombee kurasa.

Kwa ruhusa yako, wenzetu wawili watakupigia sasa solo ya mwanzo ya “Love Is Strange”.

Naomba kuwasilisha.