Mbwa wa Jumamosi: kwa nini tunamvutisha mnyororo kabla hajaenda shamba

Simu nyingi za wateja wetu huingia Jumatatu asubuhi. "Kaka, mbwa wangu hainuki." Ukiuliza vizuri, habari ni ile ile. Jumamosi alipakiwa nyuma ya gari kutoka Tabata au Mbezi, akashushwa shambani Kisarawe au Mkuranga, akafukuza ngedere na nguruwe pori tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Jumapili akalala kutwa. Jumatatu anachechemea, nyayo zimechunika, na ukimgusa paja anageuka kutaka kuuma. Mwenye mbwa anadhani amekula sumu. Mara nyingi sumu hakuna. Mbwa kakaa siku sita kwenye banda, halafu siku ya saba akapewa kazi ya wiki nzima.

Wengi wa mbwa hawa wana damu ya uwindaji: pointer, ridgeback, au chotara wao na mbwa wetu wa kienyeji. Ridgeback ni mbwa wa kusini mwa Afrika. Sifa rasmi za aina yake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na wawindaji walimpenda kwa sababu aliweza kumzunguka simba na kumshughulisha mpaka mwenye bunduki afike. Mbwa wa ukoo huo hajui kujihurumia. Akiona kitu kinakimbia, atakimbia hadi aanguke. Ndiyo maana jukumu la kumwandaa ni la mwenye mbwa.

Niseme hapa hapa: kuwinda wanyamapori bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mbwa wa kazi hiyo hatumpokei. Tunaandaa mbwa wa kulinda mashamba, mbwa wa ulinzi wa nyumbani, na mbwa wenye damu ya uwindaji waliozaliwa na nguvu nyingi ambao mjini hawana pa kuzitumia.

Zoezi lenyewe ni la kuvuta. Mbwa anavishwa mikanda ya kifuani, nyuma yake inafungwa kamba, mwisho wa kamba kuna mnyororo unaoburuta chini. Anatembea, baadaye anakwenda mwendo wa mchakamchaka, na mtu wetu yuko pembeni yake. Wawindaji wa ndege kule Marekani wamefanya hivi kwa muda mrefu katika miezi inayotangulia msimu, na huko Skandinavia pointer wamechanganywa damu na mbwa wa kuvuta slei, gari la kuteleza juu ya theluji, kwa ajili ya mashindano.

Wateja huuliza kwa nini asiachiwe tu akimbie ufukweni. Mbwa akisimama, miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake. Ya nyuma ndiyo ya kusukuma. Akikimbia huru, kasi inamsaidia, na kila akitua au kukata kona, mabega na viungo vya mbele vinapigwa. Akivuta, anainamisha kichwa, anaegemea mkanda kwa kifua, na kila hatua inatoka kwenye paja, kiuno na mgongo. Kasi inakuwa ndogo, kazi inakuwa kubwa. Moyo na mapafu navyo vinapata sehemu yao bila viungo kugongwagongwa.

Vifaa havihitaji fedha nyingi, ila vinahitaji uangalifu. Mkanda wa shingo haufai kabisa kwa kazi hii, maana uzito wote unakwenda kwenye koo. Mikanda mingi ya matembezi inayouzwa mjini nayo haifai: ina utepe unaokatisha mbele ya mabega, na mbwa hawezi kunyoosha mguu wake. Tunatumia ile inayoshuka kwa umbo la herufi Y, ikae juu ya mfupa wa kifua na kuacha mabega huru. Vidole viwili vipite chini ya kila mkanda. Kwapa tunalikagua kila siku, kwa sababu hapo ndipo ngozi huanza kuchubuka.

Watu wanatuletea matairi kuukuu ya bodaboda wakitaka tuyatumie. Tairi hurukaruka kwenye mawe, na likimgonga mbwa kisigino mara moja tu, siku inayofuata hataki kuiona kamba. Mnyororo unalala chini kama nyoka, haurukiruki, na unaweza kuuongeza pingili chache kwa wakati. Kelele zake ndizo huwatisha wengine. Kwa hao tunaanza na kamba tupu, halafu kijiti chepesi, halafu pingili chache, huku wakipewa vipande vya nyama na maneno mazuri.

Wiki ya kwanza ni mikanda tu, dakika kumi, bila uzito wowote. Wiki ya pili, mbwa wa kilo 30 anavuta mnyororo wa kilo 2. Siku tatu kwa wiki, na kati yake siku za kupumzika. Muda tunauongeza kwanza, uzito baadaye, na katika miezi miwili ya mwanzo mbwa huyo hapiti kilo 6.

Wiki ya tatu ndiyo ninayoiogopa. Mbwa ameanza kupendeza, paja limejaa, anatoka bandani akiruka. Mwenye mbwa anafurahi, anataka tuongeze mzigo au ampeleke shamba Jumamosi hiyo hiyo. Naomba tusikilizane hapa, jamani. Misuli hujengeka upesi. Kano zinazoishikiza kwenye mfupa huchelewa nyuma yake kwa wiki nyingi. Mbwa wa wiki ya tatu ana nguvu ambayo kano zake hazijaweza kuibeba, na majeraha mengi niliyoyaona yametokea kipindi hicho. Tukikwambia subiri, si kwamba tunataka kukuongezea siku za kulipia.

Ardhi nayo ni sehemu ya mzigo. Mchanga mkavu wa ufukweni unazama na unachosha kuliko mnyororo wenyewe, kwa hiyo tunawapeleka Kigamboni au Mbweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mgumu na wenye unyevu. Maji yakiwa yamejaa tunatumia njia za udongo pande za Goba. Lami hatuitumii. Ukitaka kujua kwa nini, iwekee mgongo wa kiganja chako saa nne asubuhi uhesabu mpaka saba.

Na joto la Dar ni habari yake peke yake. Mbwa hatoi jasho mwilini isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema: mate na ute wa mdomoni vinakauka na kuondoka na joto. Hewa yetu ikiwa imejaa unyevu, ute haukauki, na mbwa anahema bure. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, likifika 41 yuko hatarini kufa. Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilimtoa ridgeback wa mteja mwezi Februari saa tatu asubuhi, kwa sababu nilichelewa na sikutaka kuahirisha. Aliyumba, ulimi ukapanuka kama kijiko, ute ukawa mzito, akalala. Tulimmwagia maji mwili mzima, tukampepea kivulini, ndipo tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Alipona. Tangu siku hiyo, kati ya Desemba na Machi, jua likishachomoza sawasawa tumeshamaliza, na nikichelewa hakuna zoezi. Kumbuka utaratibu huo hata ukiwa peke yako shambani: mpoze kwanza, gari baadaye.

Wakati mzuri wa kuanza ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Tunatoka baada ya watu kurudi swala ya alfajiri, na mbwa wote wako kwenye kamba. Njia ni ya watu wote, na jirani mwenye kanzu safi hastahili kusogelewa na mbwa.

Kabla ya kumpokea mbwa tunamwangalia ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, hatumvutishi chochote. Mara nyingi ni kupe wamemwambukiza ugonjwa wa damu, na anachohitaji ni daktari. Tunaomba pia kuona kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa chini ya mwaka mmoja na nusu hatumbebeshi uzito kwa sababu mifupa yake bado inakua. Na yule ambaye mbavu zake hazipapasiki kwa mafuta anaanza na matembezi na kupunguziwa ugali. Kwa mbwa anayefanya kazi, dagaa, utumbo na vichwa vya kuku viwe vingi kuliko unga.

Gharama ni shilingi 15,000 kwa zoezi moja, ukimleta mwenyewe. Siku ya kwanza njoo naye akiwa hajala tangu usiku, maana mbwa wenye kifua kirefu wakikimbia na tumbo lililojaa linaweza kujipinda, na hilo huua kwa saa chache. Chakula chake kibebe kwenye chombo. Atakula hapa, saa moja baada ya kumaliza, akishaacha kuhema.