Mtoto njiti akitolewa mrija asiachwe apumue peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya kutimia wiki 37, na hasa saa zile zinazofuata mtoto anapotolewa mrija wa mashine ya kupumulia. Hapa Lamu tukizungumzia hospitali, huulizana mashine ni ngapi na ngapi zinafanya kazi. Namna ya kumwachisha mtoto mashine hiyo salama hatuiulizii.

Mrija hauwezi kuachwa kooni muda mrefu, kwa kuwa kadiri unavyokaa ndivyo mapafu yanavyoumia na maambukizi kupata njia. Lakini ukitolewa, mtoto akawekewa oksijeni tupu, vifuko vya hewa ambavyo bado vina upungufu wa utando wa kuvizuia visishikamane hunywea, naye huchoka, husahau kupumua, na pengine hurudishiwa mrija uleule. Kinachosaidia ni hewa yenye msukumo mdogo usiokatika, tiba ambayo daktari Gregory na wenzake waliieleza Marekani mwaka 1971, na ambayo siku hizi hupitishwa puani. Aina yake rahisi hutumia chupa ya maji: mwisho wa bomba la kutolea hewa huzamishwa sentimita 5 hivi, na kina hicho ndicho kipimo cha msukumo. Viputo vikikoma, muuguzi hujua hewa inavuja. Huenda vijirija vya kupitishia hewa vimechomoka puani, au mtoto ameachama. Zipo pia mashine zinazoongeza pumzi za vipindi juu ya msukumo huo, na tafiti zimeonyesha kwamba hizo hupunguza zaidi idadi ya wanaorudishiwa mrija. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo yake ya mwaka 2022, lilipendekeza kafeini, dawa ya kumchochea mtoto asisahau kupumua, kwa njiti wanaotolewa mrija.

Kwa niliyoyaona kazini, tiba hii huharibikia kwenye vitu vidogo. Vijirija vikubwa huchubua kidaraja cha pua mpaka kikatoka kidonda, vidogo huvujisha hewa, na kofia ya kufungia vijirija ikipwaya haivishiki. Oksijeni isiyochanganywa na hewa ya kawaida ikizidi huweza kumpofusha njiti, kwa hiyo kipimo cha oksijeni mguuni pake ni cha lazima, na lazima awepo mtu wa kukisoma, usiku hasa.

Kwetu mtoto akizidiwa, rufaa ni kuvuka bahari hadi Mokowe, kisha safari ndefu ya barabara kwenda Mombasa, safari ambayo simwombei njiti yeyote. Ndiyo maana naisihi serikali ya kaunti, inapopanga bajeti ya afya, itenge fungu la kila mwaka la vijirija na kofia za vipimo vyote, vifaa vya kuchanganyia hewa na kafeini, na iajiri wauguzi wa watoto wachanga wa kutosha kila zamu. Kina mama nao waruhusiwe kuwabeba watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, hata vijirija vikiwa bado puani, maadamu muuguzi yuko karibu.

Muuguzi mstaafu,
Langoni, Lamu